Puri Kumi na Moja

Baba yangu mkubwa aliondoka kwenye harusi yangu akilalamika kwamba hakula kitu. Alikuwa amekula puri kumi na moja, zile chapati ndogo za Kihindi za kukaangwa. Nilizihesabu mwenyewe, maana kazi ya bi harusi ni kukaa kimya na kutazama chini, na kila nikitazama chini nilikuwa naiona sahani yake. Puri kumi na moja, wali mara mbili, mchuzi wa biringanya, dengu bakuli tatu, na ladu nne, vile vidonge vitamu vya Kihindi, moja yao akaitia mfukoni mwa koti. Halafu akajifuta mdomo kwa leso na kusema, "Mimi bado sijala. Nangoja chakula."

Alikuwa anangoja kuku.

Kwa watu wa kwetu, upande wa Butere, mgeni asiyechinjiwa kuku hajapokelewa, hata umchinjie ng'ombe. Na mkubwa wa ukoo asipoikuta firigisi kwenye sahani yake, hafungui kinywa kusema neno la maana. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo neno la kunitoa kwa mume lilikuwa la kaka yake. Asiposema mbele ya watu kwamba amenitoa, basi sijatolewa, hata mchungaji abariki pete mara kumi. Ningekuwa msichana anayekaa na mwanamume, na mama yangu angekuwa mjane aliyeshindwa kumwoza mtoto wake wa pekee.

Kuku mwenyewe sasa. Kwetu siku zile mwanamke hakula kuku. Wala yai, wala mchuzi wake. Mama alifuga kuku tangu alipoolewa. Aliwatotoa, akawafukuzia mwewe, akawachinjisha, akawanyonyoa, akawapika, na hakujua ladha yao. Baba alipofariki, baba mkubwa alianza kuja kila Jumapili "kuangalia nyumba ya ndugu yake". Nyumba aliiangalia kwa dakika tano, kuku alimwangalia saa nzima. Sisi tulikaa jikoni na ugali na kunde, tukisikia mifupa ikivunjwa upande wa pili wa ukuta.

Sababu zilikuwa nyingi. Mwanamke akila kuku atakuwa tasa. Atakuwa mzururaji kama kuku. Atakuwa mwizi. Nikiwa shule ya misheni, mke wa mchungaji alikula paja la kuku mbele yetu wasichana wote, na mwaka uliofuata akazaa mapacha. Nikajua kwamba tumedanganywa, na toka siku hiyo nimewadharau wanaume wanaolamba vidole. Lakini mama alikuwa mtu wa kuitika. Ukimwambia neno anaitika kwa kichwa, na huwezi kujua amelikubali au amelimeza tu.

Mimi mwenyewe sikuwahi kumwonja. Nilitoka shule nikaja Nairobi, nikaandikwa kazi ya yaya Parklands, kwa Wahindi ambao nyama haikuingia langoni kwao. Mwenye nyumba alikuwa na duka la vitambaa Ngara. Mama yake, bibi kizee wa sari nyeupe ya wajane, ndiye aliyeitawala nyumba, na sote tulimwita Ba kama wajukuu zake walivyomwita. Ba alikuwa hawezi kuua sisimizi. Akimkuta kwenye sukari anamtoa kwa ncha ya karatasi, anampeleka bustanini taratibu kama anampeleka hospitali. Niliwalea wajukuu zake watatu. Niliwabeba, niliwaosha, wawili kati yao neno lao la kwanza lilikuwa la Kiswahili changu. Na maji nilikunywa kwa kopo la bati lililowekwa peke yake nje karibu na bomba. Vyombo vya shaba vya ndani nilivisugua kwa majivu na ukwaju mpaka vikang'aa, kisha Ba anavimwagia maji tena mara tatu kwa sababu mimi nimevigusa.

Kwa hiyo asije mtu akadhani nawasifu. Nilikuwa na dharau ya kutosha kwa wote.

Mchumba wangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka lile la Ngara. Mtu wa kwetu, mpole, mwenye mikono mizuri, na mwoga kupita kiasi. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari. Kuwakusanya Waafrika hamsini mahali pamoja ilikuwa ni kujitafutia askari, na kibali cha ukumbi tulikiomba tukazungushwa wiki tatu, njoo kesho, njoo keshokutwa. Yeye alikuwa na kitanda kimoja katika chumba cha wanaume wanne. Mimi nilikuwa na kile chumba cha nyuma ya nyumba ambacho ukinyoosha miguu unagusa mlango.

Ba alisikia. Sikumwambia mimi, aliambiwa na wajukuu. Akaniita akiwa amekaa kwenye bembea yake ya veranda.

"Harusi yako fanya hapa," akasema. "Hapa nyuma. Mimi natoa mpishi, natoa hema, natoa kila kitu. Kijana yangu naandika barua kwa polisi. Lakini nyama hapana. Yai hapana. Samaki hapana. Hata tunguu hapana."

Nililia. Nasema ukweli, nililia kwa furaha, na mpaka leo sijui kwa nini mtu anaweza kukunywesha kwa kopo la bati miaka mitano na bado akakuliza kwa wema wake.

Mchumba wangu aliitwa akaambiwa masharti. "Ndiyo, Mama. Nyama haitaingia, Mama. Hata mfupa." Kisha akarudi barazani Ngara akamwandikia baba mkubwa barua, kwamba mipango yote ni mizuri, na kuku watakuwepo wa kutosha. Hilo nililijua Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, wageni wakiwa wamekwisha kupanda gari la moshi.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza.

"Nilimwambia atakula. Si atakula?"

"Umemwambia atakula kuku."

"Akifika atazoea. Mtu mzima hawezi kukataa chakula mbele ya watu."

"Wewe humjui," nikamwambia. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na hakuinua macho. Nilikuwa nampenda, lakini siku ile nilimwona mdogo, mdogo sana.

Jumamosi tulitoka kanisani karibu na adhuhuri. Uani kwa Ba hema lilikuwa limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye mpera, na chini yake mikeka mirefu imetandikwa kwa safu. Mpishi wao wa harusi, mwanamume mnene mwenye uzi mweupe wa dini yao begani, alikuwa amefanya kazi tangu asubuhi na hakuniruhusu hata kusogelea sufuria. Katika harusi zao watu hukaa chini kwa safu, kila mmoja na sinia lake dogo, na wanaogawa hupita na ndoo, huyu dengu, yule wali, yule puri za motomoto. Hakuna sahani ya wakubwa na sahani ya wadogo. Kinachomwagwa mwanzo wa safu ndicho kinachomwagwa mwisho.

Ba alisimama na fimbo yake akawapanga watu. Mama yangu, aliyekuwa anatafuta mlango wa jikoni kwa macho ili akajifiche na wanawake wenzake, aliguswa bega la gauni kwa ncha ya fimbo, taratibu, akaelekezwa mwanzo wa safu. "Hii mama ya harusi. Hapa." Baba mkubwa akawekwa wa pili. Sijawahi kuona mtu akikaa chini kwa hasira namna ile. Alikunja koti, akalikunjua, akalikunja tena.

Mama alitazama sinia lake, akatazama la shemeji yake. Yalikuwa sawasawa. Akaanza kula, polepole, bila kumwangalia mtu.

Wanaume wetu nao walianza mambo yao. Hawa walikuwa watu niliowajua. Waashi, makarani wadogo, wapishi wa Wazungu, watu walioishi kwa ugali na maharagwe kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, na mwisho wa mwezi wakaishi kwa chai. Siku ile matumbo yao yakawa ya kifalme. "Hii ni nini?" "Hii ni majani." "Sisi ni mbuzi?" Wananong'ona hivyo huku puri inaingia, na puri nyingine imeshikwa mkono wa kushoto isije ikapita. Mmoja alinung'unika kwamba tumbo haliwezi kusimama bila nyama, na alipotaka kuinuka ilibidi ashikwe mikono miwili.

Mchungaji akaomba, akakaa. Ikafika zamu ya baba mkubwa kusema. Ndipo akajifuta mdomo na kusema kwamba bado hajala.

Mume wangu, maana kwa kanisa alikuwa tayari mume wangu, akainama sikioni mwake. "Anakuja, Baba. Kuku anakuja." Kisha akamkonyeza rafiki yake mmoja mwenye baiskeli. Yule akatoka mbio kuelekea soko la Ngara. Sikuamini. Mbele ya Ba, kwenye uwanja wa Ba, juu ya barua ya mtoto wa Ba. Nikatamani ardhi ifunguke, isinimeze mimi, imchukue yeye na cherehani yake.

Tulikaa pale karibu nusu saa. Baba mkubwa aliendelea kungoja na ladu mkononi. Akimaliza anaongezewa, na hakatai.

Baiskeli ilirudi na kuku anayening'inia kwenye usukani, kichwa chini, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Kuku mwekundu, jike, mzima. Askari wa lango akamzuia rafiki yetu na kumwita Ba. Watu wote wakasimama. Mimi nikajiandaa kufukuzwa kazi nikiwa na shela kichwani.

Ba alifika langoni, akamwinamia kuku, wakatazamana.

"Fungua mguu yake," akasema.

"Mama, huyu ni wa..." mume wangu akaanza.

"Fungua. Hii si nyama. Hii iko hai. Hii mgeni."

Akafunguliwa. Akajikung'uta, akaingia langoni akitembea kwa miguu yake kama mtu aliyealikwa. Ba akamwagiza mpishi alete wali, ukamwagwa chini penye kivuli. Kisha akaagiza maji. Yakaletwa ndani ya bakuli la shaba, moja ya yale niliyosugua mimi, na kuku akatumbukiza mdomo akanywa.

Nilitazama lile bakuli. Miaka mitano. Nilitabasamu, na mume wangu akadhani ninafurahi.

Alijaribu kumweleza Ba kwamba kuku atapelekwa nje, barabarani kabisa, atachinjwa kule, atapikwa kule kwa mawe matatu, wala harufu haitafika. Ba akapiga fimbo chini mara moja.

"Kwa lango yangu nakuja hai, natoka hai."

Hapo baba mkubwa akainuka. Alikuwa na punje ya wali kwenye ndevu. Akasema kwa lugha ya kwetu, na kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, kwamba yeye ametoka Butere kwa gari la moshi siku nzima na usiku, akaja kuketishwa chini ya mwanamke, akalishwa majani, na sasa kuku amepewa karamu na yeye anatazama. "Mtoto huyu sijamtoa. Siku nitakapokula ndiyo siku nitakapomtoa. Mama yake asikie." Akachukua kofia. Na ladu ile moja mfukoni, naapa, hakuitoa.

Mama aliitika kwa kichwa, kama kawaida yake.

Watu wakatawanyika haraka, kama wanavyotawanyika watu walioshiba na hawataki kuonekana wameshiba. Mama ndiye aliyebaki. Akamwendea Ba, akamwonyesha kuku, akajigusa kifuani. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini hapo maneno hayakutakiwa. Ba akamtazama. Wajane wawili, mmoja na sari nyeupe, mwingine na gauni la kanisa lililoshonwa upya kwapani.

"Chukua," Ba akasema. "Lakini hapana chinja. Wewe sema hapana chinja."

Mama akaitika kwa kichwa.

Jumatatu alipanda gari la moshi na kikapu mapajani, kichwa chekundu kimetokeza juu. Baba mkubwa alikaa behewa jingine. Jioni ya siku ya harusi vile vyombo vyote vilisuguliwa kwa majivu na kumwagiwa maji mara tatu. Lile bakuli la kuku lilimwagiwa mara moja tu.

Nyumbani baba mkubwa alifanya alivyosema. Alitangaza kwamba alishinda njaa Nairobi. Alitangaza kanisani, sokoni, matangani. Habari zilinifikia kwa watu waliokuja mjini kutafuta kazi, wakishuka tu wananipa salamu na dharau pamoja. Kwamba mama haitwi tena kwenye harusi za watu kusaidia kupika. Kwamba kwenye umoja wa akina mama, dua ikiombwa kwa mabinti walioolewa, jina langu linarukwa. Mume wangu nilipomwambia aende akasahihishe, alisema tutaenda Krismasi. Krismasi ikafika, akasema Pasaka. Alikuwa anashona sare za watu, na kila mtu alimwona mtu wa maana, na alikuwa anamwogopa mzee mmoja mla puri.

Kabla ya Pasaka nikajua nina mimba. Hapo mambo yakawa mengine. Kwetu mtoto wa mwanamke ambaye hakutolewa hana upande. Upande wa baba watasema hawajapewa mama yake, upande wa mama watasema si wetu. Nikamwandikia mama barua, mwalimu wa shule ya kule akamsomea. Nilimwambia kuhusu mtoto, sikuomba kitu. Jibu lilikuja baada ya wiki chache, kwa mwandiko wa mwalimu, mistari miwili. "Baba yako mkubwa amekula. Amesema neno lake mbele ya watu, sasa umeolewa."

Nilikaa na barua ile kwenye ngazi ya nyuma, karibu na bomba. Nilijua ni kuku yupi. Nilijua nani alimnyonyoa, nani alisimama mlangoni na sinia, nani alikaa jikoni. Nilimdharau mama siku ile. Ni jambo baya kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilifikiri, alikaa mwanzo wa safu siku moja, akarudi jikoni maisha yake yote, na Ba naye amedanganywa bure.

Mtoto alipozaliwa mama alikuja kuniangalia. Wakati huo tulikuwa tumepata chumba Ngara, kimoja lakini chetu. Asubuhi moja mume wangu akiwa kazini, mtoto amelala, tulikuwa tunachambua dengu mezani. Nilikuwa nimejifunza kuzipika kama za Ba, na mama alizipenda, alizitaka kila siku. Alikuwa anatoa mawe kwa kidole kimoja. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Yule kuku alitaga vizuri sana. Nilimsikitikia."

"Ulimwahidi Ba," nikasema. Sauti yangu ilikuwa na makali, na niliitaka iwe nayo.

Akaitika kwa kichwa. "Nilimpika vizuri. Nikampelekea mzee sinia, watu wamekaa. Akaitafuta firigisi, akaipata. Akaitazama. Akasema, mbona ndogo hivi?"

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia, huyu ni kuku wa Nairobi, Shemeji. Alilishwa chakula cha Wahindi, mambo ya dengu na wali. Kuku asiyekula kitu cha maana firigisi yake haikui. Akasema ni kweli. Akawageukia wenzake akawaambia, si mnaona, mimi niliwaambia kile si chakula."

Alitupa jiwe moja nje ya mlango.

"Ilikuwa nusu," akasema. "Nusu nyingine nilikula mimi, jikoni, kabla sijampelekea. Niliikata kwa kisu cha kitunguu. Kwa hiyo iliposemwa umetolewa, ujue nusu alikutoa yeye na nusu nilikutoa mimi."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya dengu na sikuitoa. Mwanamke huyu niliyemwona anaitika kwa kichwa tangu nimezaliwa. Mwisho nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nalo tangu utotoni, tukiwa upande ule wa ukuta. Nikamuuliza ladha yake ikoje.

Mama akafikiri. Alitaka kunipa jibu la haki.

"Ngumu," akasema. "Unatafuna, unatafuna, haina kitu. Miaka yote ile." Akarudi kwenye dengu zake.